Nimehamisha muziki wa sherehe kutoka Windows kwenda Linux kwa kutumia Mixxx: uzoefu wangu

Napiga muziki kwenye sherehe hapa Moshi: sendofu, harusi, kipaimara, na mwezi wa Desemba, watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi, kazi huwa mfululizo. Laptopu yangu ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai mashine iwe na TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, na yangu haina. Lakini bado ni nzima na inafanya kazi vizuri, sikuona sababu ya kuitupa. Nikaamua kuiwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows.

Nyimbo zenyewe hazina shida kuhamisha, MP3 ni MP3 popote. Shida iko kwenye orodha za nyimbo (playlist). Nina orodha ya kuingiza maharusi, ya chakula, ya zawadi, na ile ya ndafu. Asiye wa huku anaweza kudhani ndafu ni mbuzi wa kuchoma tu. Ukumbini ndiyo dakika ambayo ukoo mzima unasimama: mbuzi aliyechomwa anaingia bila kukatwa, majani mdomoni, wapishi wanacheza naye mpaka meza kuu, na muziki hautakiwi kukatika hata kidogo. Orodha ile nimeijenga miaka mingi, najua wimbo gani unafuata upi na kwa nini.

Fundi mmoja mjini aliniambia atanihamishia kila kitu mchana mmoja. Nikamuuliza orodha zitakuwaje, akajibu, "Nyimbo zote zitakuwepo, bosi." Nikamshukuru nikarudi na laptopu yangu. Orodha haibebi wimbo, inabeba njia ya kuufikia tu. Ukiifungua kwa programu ya maandishi utakuta kitu kama D:\Muziki\Ndafu\03.mp3. Kwenye Linux hakuna D, na vimstari vinalala upande mwingine: /home/dj/Muziki/Ndafu/03.mp3. Kwa hiyo nyimbo zote zinaweza kuwepo na orodha zote zikawa zimekufa.

Kilichoniokoa ni kuhama programu kwanza, kompyuta baadaye. Mixxx ni programu ya DJ ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Niliiweka kwanza kwenye Windows ileile, wakati kila kitu bado kiko mahali pake, nikaingiza orodha zangu zote na kupigia shughuli kadhaa mpaka mikono ikaizoea. Hapo ndipo nilipozitoa tena orodha kama mafaili ya m3u8, aina ya faili la orodha ya nyimbo. Kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya kuchagua njia zisianzie kwenye herufi ya diski, bali pale orodha yenyewe ilipo. Ukiiwasha na kuhifadhi orodha ndani ya folda ileile ya muziki, folda nzima unaweza kuipeleka popote na orodha zikaendelea kuziona nyimbo. Chagua m3u8, si m3u ya kawaida, maana m3u8 huandikwa kwa UTF-8, mfumo wa maandishi unaobeba herufi za lugha zote, na majina ya nyimbo za Kongo yenye herufi za Kifaransa hayaharibiki.

Kabla ya kufuta Windows nilinakili folda yote kwenye diski ya nje niliyoifomati kwa exFAT, mojawapo ya mipangilio ya kuhifadhi mafaili kwenye diski. Hili nililipata kwa mwenzangu wa Arusha anayetumia Mac. Huwa tunasaidiana shughuli kubwa, na siku moja alichomeka diski yangu ya NTFS, mpangilio wa kawaida wa Windows, akaniambia, "Kaka, diski yako naisoma lakini haikubali nikuwekee kitu." Ndivyo Mac ilivyo kwa NTFS: inasoma, haiandiki. FAT32, mpangilio wa zamani, nayo inakataa faili moja linalozidi GB 4, na video za sherehe hufika huko haraka. exFAT inasomwa na kuandikwa na mifumo yote mitatu.

Upande wa Mint orodha karibu zote zilifunguka. Zilizogoma zilikuwa na kasoro moja: folda inaitwa "kwaya" na orodha imeandika "Kwaya". Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Linux inaziona folda mbili tofauti kabisa. Nilirekebisha kwa "tafuta na badilisha" ndani ya faili la orodha, wala haikuchukua muda.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa majina ndani ya nyimbo, na naiona ndiyo faida iliyobaki. Nyimbo nyingi za kwaya nilizonunua kwenye CD nje ya kanisa zilikuwa "Track 01", "Track 02", bila jina la kwaya. Nilitumia MusicBrainz Picard, ya bure pia, ambayo inausikiliza wimbo na kuulinganisha na hifadhidata inayojazwa na watu wa kujitolea. Kile ambacho hakuna aliyekiingiza haiwezi kukijua, kwa hiyo kwaya za mitaa yetu utaziandika kwa mkono. Niliziandika, jioni baada ya jioni, na sasa ninapotafuta kwaya ya usharika fulani inatokea. Kwa muziki wa dansi amua mapema utapanga kwa bendi au kwa mwimbaji. Mbaraka Mwinshehe aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Ukipanga kwa bendi peke yake anagawanyika sehemu mbili. Mimi naweka jina lake kwenye sehemu ya msanii wa albamu na bendi kwenye sehemu ya msanii. Maandishi hayo yanakaa ndani ya faili lenyewe na yanakwenda nalo kwenye mfumo wowote.

Kisichohama kwa njia hii ni alama za kuanzia wimbo na nyota ulizozipa nyimbo. Mixxx huziweka kwenye hifadhidata yake, si ndani ya wimbo wala kwenye orodha. Kasi ya wimbo inaipima upya yenyewe, ila iache ichambue maktaba usiku, siyo saa moja kabla ya maharusi kuingia. Alama nilizirudisha kwa nyimbo za ndafu na za kuingia ukumbini tu, nyingine naziweka kadiri ninavyozipiga.

Kwa DJ wa sherehe mwenye laptopu iliyoachwa na Windows 10, naipendekeza Mixxx bila kusita. Fanya uhamisho kabla msimu haujaanza, na diski yenye nakala ya zamani usiiguse mpaka orodha zote umezipiga ukumbini. Na kama unabadilishana nyimbo na wenzako wa Windows, usiweke alama ya kuuliza (?) wala nukta mbili (:) kwenye jina la faili, kwao halitakubali kunakiliwa.