Meza ya vitabu vilivyotumika, Mlango Mmoja

Miaka tisa nimechapa mihtasari ya vikao vya kata, kwa hiyo kwangu diwani alikuwa mtu mmoja tu: mheshimiwa anayesubiriwa ndipo kikao kianze. Jumamosi nikiwa soko la Mlango Mmoja, Mwanza, kutafuta magauni ya mtumba, nikaona meza ya vitabu, juu yake Malenga wa Mvita. Chini ya jina imeandikwa Diwani ya Ustadh Bhalo.

"Shikamoo mzee. Huyu Bhalo alikuwa diwani wa wapi?"

Alicheka mpaka akavua miwani, akanisogezea ndoo nikae. "Marahaba mama. Diwani kwanza ni daftari." Neno la Waajemi, akasema, Waarabu wakalichukua. Khalifa Umar alipoorodhesha askari na posho zao, orodha ikaitwa diwani. (Posho! Hapo nikaamini ni ukoo mmoja na mheshimiwa wangu.) Baadaye ofisi yenye madaftari ikaitwa hivyo, na baraza pia, hadi forodha: douane ya Wafaransa na dogana ya Waitaliano zimetoka humo. Mshairi naye, tungo zake zikikusanywa daftarini, ana diwani yake.

Nikamchokoza: na antholojia? Akachomoa kitabu kingine, cha washairi wengi, jalada limeliwa na mende. Neno antholojia ni la Kigiriki, maana yake kuchuma maua. Meleager wa Gadara, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alikusanya mashairi ya wenzake akayaita Shada, kila mshairi na mmea wake. Sappho alipewa waridi.

Nikanunua vyote viwili. Bei hazijaandikwa popote, kasoro kubwa hiyo. Cha Bhalo alitaka 12,000, tukaelewana 8,000. Cha mende 3,000. Mfuko hana, anafungia gazeti.

Nyumbani nakuta kile cha mende, ukurasa wa 32 unafuatwa na wa 49. Fungu zima la kurasa 16 limechomoka! Jumatatu nikakirudisha. Hakubishana, ila pesa hakurudisha; aliniambia nichague kingine cha bei hiyohiyo. Nimechukua cha mapishi.

Hesabu kurasa kabla hujalipa. Na kama unataka na maelezo, nenda asubuhi. Kuanzia saa saba jua linapiga mezani na mzee analala, anauza kijana wake ambaye ukimuuliza diwani anakuelekeza ofisi ya kata.