Dakika 60 Chumbani kwa Nahodha

Jumamosi iliyopita niliwapeleka wanangu wawili, mmoja wa miaka 10 na mwingine wa miaka 7, pamoja na babu yao, kwenye chumba cha mafumbo kilichopo Mikocheni, Dar es Salaam. Familia huingia katika chumba kilichopambwa kama ghala la nahodha wa jahazi, mlango hufungwa, na kuna dakika 60 za kufumbua mafumbo yanayofuatana hadi mlango ufunguke. Mchezo wa aina hii ulianzia Kyoto, Japani, mwaka 2007. Waliotengeneza chumba hiki hawakuazima maharamia wala majumba ya mazimwi ya kigeni. Wamechukua mwambao wetu wenyewe, na uamuzi huo ndio uliokipa chumba uhai.

Kabla ya kulipa niliuliza habari ya mlango. Januari 2019 wasichana watano wa miaka 15 walifariki kwa moto katika chumba cha mchezo kama huu mjini Koszalin, Poland, na tangu niliposoma habari hiyo siwezi kumwingiza mtoto mahali pa namna hiyo bila kuuliza. Mhudumu hakukereka. Alituonyesha kitufe cha kijani kando ya mlango, akamwacha mwanangu mdogo akibonyeze mwenyewe, kisha akaeleza kwamba mlango unashikiliwa na sumaku ya umeme ambayo huachia mara umeme unapokatika. Niliingia moyo ukiwa umetulia.

Fumbo lililonifurahisha kuliko yote ni la saa nne za ukutani. Chini ya kila saa pameandikwa jina la safari moja, na mezani kuna daftari la nahodha linalotaja muda ambao kila safari iling'oa nanga. Mchezaji anatakiwa kuitambua saa iliyokosea. Watoto walilinganisha namba kwa namba na mara moja wakaona kwamba ni saa ya mwisho tu inayokubaliana na daftari: imeandikwa saa nne asubuhi, na mshale mfupi umesimama kwenye 4. Wakahitimisha kwamba hiyo ndiyo sahihi na zile tatu zote ni mbovu. Babu yao alikaa kimya, akawaacha wahangaike. Baada ya muda, yule mkubwa alinyamaza, akatazama saa ya mkononi mwa babu yake, akasema polepole, "Babu, saa nne asubuhi si mshale unakuwa kwenye kumi?" "Ehee, mjukuu wangu, endelea," akajibiwa. Saa tatu za kwanza zilitofautiana na daftari kwa saa sita kamili, kama zinavyopaswa, na ile iliyoonekana sahihi ndiyo iliyokuwa na kosa. Waliposogeza mshale hadi 10, droo ikafunguka. Mafumbo mazuri hujengwa hivi, juu ya jambo tunaloishi nalo kila siku pasipo kulitafakari.

Fumbo la pepo nalo ni la haki, kwa kuwa ramani ya ukutani inaeleza kwamba kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na kusi hufuata kuanzia Aprili, hivyo hata mtoto asiyewahi kusikia maneno hayo anaweza kuzipanga barua za nahodha kwa mfuatano wake.

La bao, kwa upande mwingine, limeniachia kinyongo kidogo. Ubao umepangwa kama mwanzo wa mchezo, kete sita katika shimo liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na mchezaji atafute idadi ya kete zinazobaki mkononi kwa kila upande. Jibu ni 22, lakini hakuna popote chumbani panapoeleza kwamba kila mchezaji huanza na kete 32. Sisi tulikuwa na mzee aliyecheza bao maisha yake yote. Familia isiyo na mtu kama huyo itakwama bila kosa lake. Kadi moja ndogo ya maelezo ingetosha.

Tulipoteza pia dakika saba kwenye kufuli la tarakimu ambalo gurudumu lake la tatu limelegea, kiasi kwamba namba sahihi ilikataa mara mbili na watoto wakaanza kuitilia shaka hoja yao iliyokuwa sawa kabisa. Kwa mtoto anayejifunza kuamini fikra zake, hilo si dogo, na ninawaomba wenye chumba wabadilishe kufuli hilo haraka.

Jambo la mwisho ni vidokezo. Mhudumu huvitoa kwa kipaza sauti mara aonapo kimya, ilhali kimya mara nyingi ni mtu anayefikiri. Tulimwomba mapema asiseme mpaka tuinue mkono, naye alikubali kwa moyo mweupe. Mwombeni vivyo hivyo kabla hamjaingia.

Tulitoka zikiwa zimebaki dakika nne. Watu wanne wanatosha chumbani, wakizidi watano, wadogo hawapati nafasi ya kushika chochote, na mtoto ambaye bado hajajua kusoma saa ni bora asubiri mwaka mmoja zaidi.