Tahadhari: Feni ikivurugika baada ya kompyuta kuamka, usikimbilie kulipia feni mpya

Wadau mnaotumia Linux kwenye kompyuta mpakato, kaeni macho. Kuna mafundi wanaowauzia watu feni, na hata madabodi (bodi kuu ya kompyuta) nzima, kwa tatizo ambalo mara nyingi halitoki kwenye feni wala kwenye madabodi.

Dalili ni hizi. Ukiwasha kompyuta, iko sawa na feni imetulia. Ukifunga kifuniko ikalala, kisha ukaiamsha, feni inavuma kwa nguvu zote bila kupumzika, au haizunguki kabisa huku mashine inachemka. Ukiizima na kuiwasha upya, shida inatoweka. Ikiwa ndivyo, kuna kila sababu ya kuamini kwamba feni ni nzima. Feni iliyokufa haifufuki kwa kuzima na kuwasha.

Feni ya kompyuta mpakato kwa kawaida huongozwa na chipu ndogo iliyoko kwenye madabodi, yenye programu dhibiti yake. Mashine ikilala na kuamka, chipu hiyo na kerneli (kiini cha Linux) wanatakiwa waelewane upya nani anaamua kasi ya feni. Wasipoelewana, feni hukwama kwenye kasi fulani, au hubaki imezimwa. Hilo ni kosa la programu, na dawa yake ni ya programu.

Sasa sikilizeni mdogo wangu alivyolizwa. Fundi alisikia mvumo, akatangaza hapohapo kwamba feni imekufa. Akafungua mashine, akachomoa betri, akabadilisha feni, akawasha. Kimya. Mdogo wangu akalipa, akaondoka ameridhika. Alipofunga kifuniko na kukifungua tena nyumbani, mvumo uleule. Aliporudi akaambiwa sasa ni madabodi, alipie nyingine.

Ujanja uko kwenye ile betri. Chipu inayoongoza feni ikikosa umeme kabisa huanza upya, safi. Hata fundi angerudishia feni ileile ya zamani, ingezunguka vizuri. Kwa hiyo ile "umeona, imepona" ya mezani haithibitishi kitu. Kabla ya kutoa pesa, ilaze kompyuta mbele yake, iache dakika kadhaa, iamshe, halafu rudia. Fundi mkweli hatakataa. Na feni iliyotolewa ni mali yako, idai. Anayegoma kukupa ana lake jambo.

Kundi la pili linanitia hofu zaidi: wanaouza mtandaoni "programu ya kutibu feni" na kukuomba uiendeshe kwa sudo (amri inayotoa ruhusa ya msimamizi), au uwape nywila waingie wenyewe kwa mbali. Anayepata ruhusa ya msimamizi anaweza kusoma kila kitu: nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, funguo za SSH (za kuingilia kompyuta nyingine kwa mbali), nyaraka zako. Na wapo ambao "tiba" yao ni kuizuia kompyuta isilale tena. Wanafunga huduma ya kulala kwa `systemctl mask`, au wanaandika `HandleLidSwitch=ignore`, yaani kufungwa kwa kifuniko kupuuzwe, kwenye `/etc/systemd/logind.conf`. Kweli feni haisumbui tena baada ya kuamka, kwa sababu mashine hailali. Unaifunga, unaitia kwenye begi ukidhani imelala, kumbe inafanya kazi humo ndani bila hewa. Huu ni ukatili kwa mteja asiyejua.

Kabla hujamtafuta mtu, jipime mwenyewe. Sakinisha lm-sensors, kisha endesha `sensors` kabla ya kuilaza na baada ya kuiamsha, ulinganishe joto na mizunguko ya feni. Joto likiwa la chini lakini feni inavuma, uongozi wa feni umevurugika. Joto likiwa juu kweli, fungua `top`, inayoonyesha programu zinazotumia prosesa. Pengine kuna programu iliyoamka na kuilemea prosesa, na feni inatimiza wajibu wake tu. Mizunguko ikisoma sifuri huku joto linapanda, zima mashine, usiendelee na kazi.

Tafuta sasisho la BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Kwa kompyuta nyingi linapatikana bure kwa `fwupdmgr get-updates`, na watengenezaji hurekebisha makosa ya aina hii kwa njia hiyo. Jaribu pia kerneli mpya zaidi, na uangalie `/sys/power/mem_sleep`: ukiona `s2idle` na `deep`, kompyuta ina namna zaidi ya moja ya kulala, na huenda moja ikaamka vizuri kuliko nyingine. Kwa wenye ThinkPad, moduli (kipande cha kerneli) ya thinkpad_acpi ikiwashwa na `fan_control=1`, kuandika `level auto` kwenye `/proc/acpi/ibm/fan` hurudisha uongozi kwa chipu. Ikikusaidia, weka amri hiyo kwenye hati fupi ya amri (script) ndani ya `/usr/lib/systemd/system-sleep/`, iendeshwe pale systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, inapotuma neno `post`, yaani baada ya kuamka. Ni mistari michache tu. Hiyo ndiyo "programu" ambayo wengine wanaiuza.

Feni mbovu zipo, sikatai. Inayokwaruza au kugonga tangu unapobonyeza kitufe cha kuwashia, hata ukiwa bado kwenye BIOS, au isiyozunguka kamwe hata mashine ikiwa ya moto, hiyo ibadilishwe. Iliyojaa vumbi isafishwe. Kinachonikera ni mtu kulipishwa bila hata kuulizwa swali moja: linaanza lini?

Na kama tayari ulishampa mtu nywila yako au uliendesha hati yake, badilisha nywila zote leo, ukitumia kifaa kingine. Fungua `~/.ssh/authorized_keys`, orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia kwako kwa mbali, ufute ufunguo usioutambua. Kisha endesha `systemctl status suspend.target`, ukikuta neno `masked`, rudisha kwa `sudo systemctl unmask sleep.target suspend.target`. Kwa ambaye hati ile iliendeshwa kwa sudo, mimi ningehifadhi nyaraka pembeni na kusakinisha mfumo upya, maana mlango wa siri unaweza kufichwa mahali pengi.