Mitambo ya sauti ya kukodi kwenye mahafali: spika nzuri, mpangilio mbovu

Kamati yetu ilikodi mitambo ya sauti kwa ajili ya mahafali yaliyofanyika kwenye uwanja wa shule, na kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa walioidhinisha malipo, naona ni haki nieleze tulichokipata. Vifaa vyenyewe havikuwa na kasoro: maikrofoni mbili zisizo na waya hazikukatika hata mara moja, na jenereta ilifichwa nyuma ya jiko, mbali na masikio ya wageni.

Kasoro ilikuwa katika mpangilio. Jozi moja ya spika iliwekwa jukwaani na nyingine chini ya mwembe, walikoketi wazazi. Risala ilipoanza kusomwa, sisi tuliokaa nyuma tulisikia kila neno mara mbili, hata bibi mmoja jirani yangu akauliza iwapo ni wanafunzi wawili wanaosoma kwa zamu. Umeme huzifikia spika zote papo hapo, lakini sauti inayotoka jukwaani haina budi kuvuka hewa, ambayo chembe zake husukumana moja baada ya nyingine, na katika joto la nyuzi 30 msukumo huo husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Baadaye tulipima kwa utepe tukapata mita 52 kati ya jozi hizo mbili, yaani ucheleweshaji wa sekunde 0.15 hivi, unaotosha kabisa silabi moja kuikanyaga nyingine.

Kijana aliyeachwa kwenye mitambo alidhani dawa ni kuongeza sauti, jambo lililozidisha vurugu, kwani mnong'ono na ukelele husafiri hewani kwa mwendo ule ule. Fundi mkuu alipofika (risala ilikuwa imekwisha, na mgeni rasmi ameshasimama), aliitazama mikisa (mashine ya kuchanganyia na kurekebishia sauti) kidogo, akaziamuru spika za mwembeni zisubiri sekunde 0.16. Hiyo ziada ndogo ndiyo iliyonifanya nimheshimu: sauti ya jukwaani ikitangulia kidogo tu, sikio huamini kwamba maneno yote yanatoka kwa msemaji, ingawa nguvu kubwa inatoka kwenye spika ya jirani. Hotuba ya mgeni rasmi tuliisikia neno kwa neno.

Ninawapa nyota tatu kati ya tano. Atakayewakodi asaini mkataba unaomtaja fundi mkuu, tena awepo tangu asubuhi. Sisi tuliomba punguzo kwa sababu ya risala iliyopotea, na hadi leo hatujajibiwa.