Kabati langu la bunduki lilifunguka kwa ufunguo wa kabati lingine

Naanza na ufunguo, kwa sababu mengine yote ya kabati hili yangevumilika. Nililinunua Arusha muda mfupi kabla ya likizo ya shule, wajukuu walipokuwa wanakaribia kuja kwetu Karatu. Bunduki yangu ni shotgani ya kulinda shamba, na kwa miaka mingi ilikaa juu ya kabati la nguo, imeviringishwa katika blanketi, mahali ambapo mtoto wa miaka saba akipanda kiti anafika. Mke wangu ndiye aliyekataa wajukuu wasilale tena katika nyumba yenye bunduki isiyofungiwa, na alisema kweli. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nayo inamtaka mmiliki aitunze silaha yake mahali salama.

Kasiki za kweli, zile nzito zenye milango minene, zilinishinda bei. Nikachukua kabati jembamba la kijivu, lenye kisanduku cha risasi ndani na kitasa chake peke yake, nikalipa laki nne kasoro kidogo.

Nilipolifungua nyumbani nilikuta ufunguo mmoja wa mlango badala ya mbili, nami nikarudi dukani kudai wa pili. Kijana aliyekuwa kaunta, ambaye ni rika la mwanangu wa mwisho, hakunipa shikamoo wala hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Aliupokea ufunguo wangu, akasoma namba iliyochongwa shingoni, akaenda kwenye kabati lingine lililokuwa linasubiri mnunuzi, akachomoa mmoja wa funguo mbili zilizoning'inia mlangoni, akanikabidhi. "Chukua huu, mzee, namba ni moja." Mara ile sikuelewa. Nilielewa usiku, ufunguo ule ulipoingia katika kitasa changu na kuzunguka kwa ulaini kuliko wa kwangu mwenyewe.

Nilikaa kitandani nimeushika. Mtu atakayelinunua kabati lile ataondoka na ufunguo wa bunduki yangu, asijue, nami nitakuwa na wa kwake. Vitasa hivi vidogo, ndugu zake vitasa vya droo za ofisi, hutengenezwa kwa michongo michache inayorudiwarudiwa, na namba ya shingoni ndiyo inayotaja mchongo. Kwa droo ya kalamu na mihuri hilo halina madhara, lakini mtu aliyebandika picha ya bunduki kwenye mlango wa kabati alijua analiuza kwa kazi gani.

Nilirudi mara ya tatu nikaomba kuonana na mwenye duka. Alinijibu akiwa amesimama, wateja wengine wakisikia: "Mzee, kwa bei ile ulitegemea nini?" Nilimwambia kwamba nimelipia kitu kimoja tu, kufungia, na kwamba hicho ndicho sikupewa. Alikwisha kunipa mgongo.

Sitaki kulidhulumu kabati lenyewe. Bati lake limenyooka, mlango haubonyei ukisukumwa na rangi imeshika vizuri. Fundi wetu wa kuchomelea aling'oa kile kitasa, akaziba tundu lake, akachomelea macho mawili ya kufuli, kisha akalikaza ukutani kwa boliti nne kutokea ndani, kwa maana kabati jepesi namna hii watu wawili wangelibeba na bunduki yake wakaondoka nalo. Kazi yote ilinigharimu elfu sitini, na bado sijafika nusu ya bei ya kasiki. Kwa hiyo mwenye kipato kama changu na fundi mwaminifu anaweza kulichukua, mradi kabla ya kulipa aombe funguo za makabati mawili au matatu na azijaribu kwa kubadilishana palepale dukani.

Ndivyo nilivyokuwa nimekusudia kumaliza, ila juzi, nikipanga risasi, nilijaribu ufunguo ule wa mlango kwenye kisanduku cha risasi, nacho kikafunguka. Nayafuta maneno ya aya iliyotangulia. Msilinunue hata likipunguzwa bei. Fundi aliyeweza kulirekebisha angeweza pia kunitengenezea jipya kwa bati nene zaidi, na angenipa shikamoo.

Na wewe uliyelichukua lile kabati la pili, la kijivu, ukakuta lina ufunguo mmoja tu wa mlango: mwenzake ninao mimi, nimeufungia. Kama umeweka silaha humo, badilisha kitasa leo.