Ruta ipi ununue ukiwa na wageni na wapangaji nyumbani: orodha yangu kwa Unguja na Pemba

Jioni moja ya Ramadhani bibi yangu amekaa ukumbini, anasubiri adhana kwenye televisheni. Ghafla picha ikageuka: kijana anaruka mawimbini na ubao, muziki juu. Rimoti iko mezani, hakuna aliyeigusa. Kumbe mgeni wa chumba cha juu, kajilaza kitandani, kabonyeza alama ya kurusha video kwenye simu yake, na simu ikaiona televisheni yetu kwa sababu sote tulikuwa kwenye waifai moja. Bibi akaniuliza swali moja tu: "Basi na kamera ya uani anaiona?" Nikanyamaza. Nenosiri la ile kamera lilikuwa 123456, na mimi ndiye niliyeliacha hivyo.

Tangu siku hiyo nimenunua, nimeazima na nimerudisha ruta kadhaa. Ninayoyaandika hapa ni kwa mwenye nyumba anayekodisha chumba kimoja au viwili, au mwenye ofisi chini na familia juu. Kama wageni wako ni shemeji na watoto wa shangazi wanaokuja Idi, ruka moja kwa moja hadi nafasi ya tatu uokoe pesa zako.

Waliojenga nyumba zetu walilijua jambo hili zamani. Mgeni hukaa barazani, akaletewa kahawa, na ndani haingii mpaka akaribishwe. Mtandao wa wageni ndiyo baraza: jina la pili la waifai, lenye nenosiri lake, linalompa mtu intaneti na basi. VLAN ni kuta za ndani. Waya ni ule ule na ruta ni ile ile, ila kila kipande cha data kinabandikwa namba kati ya 1 na 4094, na swichi, yaani kiboksi cha kugawa waya wa mtandao, huitazama namba hiyo kabla ya kukipitisha. Kanuni yenyewe huitwa 802.1Q na ipo tangu 1998, kwa hiyo muuzaji asikutoze kama kitu kilichoshuka na boti ya jana.

Nafasi ya kwanza: MikroTik hAP ax2

Kiboksi kidogo kutoka Latvia, matundu matano ya waya ya gigabiti, kumbukumbu ya GB 1, waifai ya kizazi cha 6 kwenye masafa yote mawili. Ndani yake unapata kila kitu: VLAN, majina kadhaa ya waifai kwa mpigo, vizuizi, na hotspoti yenye vocha, yaani ukurasa unaomtaka mgeni aandike namba ya vocha kabla ya kupata intaneti. Mimi hiyo vocha ndiyo niliyoipendea. Mgeni wa siku tatu anapata vocha ya siku tatu, kasi yake naikata nitakavyo, na akiondoka hana ufunguo wa kumgawia jirani. Kwa anayelipa intaneti kwa bando, hapo tu mashine imeshajilipa.

Sifa nyingine ambayo haiandikwi juu ya boksi ni umeme. Tundu lake la adapta linakubali volti 12 hadi 28, kwa hiyo kile kibetri kidogo cha volti 12 wanachouza kwa ajili ya ruta kinaiendesha umeme ukikatika. Kwa watu tulioishi Mei 2008, waya wa baharini ulipoharibika na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima, jambo hilo si dogo.

Ubaya wake ni mmoja: haimhurumii asiyesoma. Mara ya kwanza niliwasha uchujaji wa VLAN kabla sijaiachia kompyuta yangu njia, na ruta ikanifungia nje ya nyumba yangu mwenyewe, usiku, wageni wawili wakiuliza intaneti imekwenda wapi. Kwenye Winbox, programu ya kompyuta ya kuipangia MikroTik, kuna kitufe cha Safe Mode. Kibonyeze kabla ya kugusa chochote. Ukijikata, mabadiliko yanajirudisha yenyewe.

Na hapa ndipo wengi wanapojidanganya, mafundi wakiwemo. Kutengeneza VLAN tatu si kuzitenganisha. Ruta kazi yake ni kuunganisha mitandao, kwa hiyo usipoiambia vinginevyo, mgeni mwenye anwani inayoanza na 192.168.20 atapelekwa kwa adabu zote hadi kwenye kamera yenye anwani inayoanza na 192.168.30. Lazima uandike kizuizi: kutoka wageni kwenda intaneti, pita, kutoka wageni kwenda kwingine kokote, zuia. Fundi akikwambia "tayari" bila kukuonyesha mstari huo, bado hajamaliza.

Ndugu yake aliyemtangulia, hAP ac2, bado anapatikana na anatosha nyumba nyingi, ingawa hifadhi yake ya MB 16 inabanwa na toleo la 7 la programu. hAP lite, ile nyeupe ndogo ya bei ya chini kabisa, ina MB 32 za kumbukumbu na matundu ya megabiti 100. Inunue kwa kujifunzia, usiiwekee wapangaji.

Nafasi ya pili: TP-Link Omada, vipande vitatu

Kama nyumba ni ya ghorofa tatu Mji Mkongwe, hii inapanda nafasi ya kwanza bila mjadala. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama urefu wa mkono, zinayameza masafa ya gigahezi 5. Ruta moja, hata iwe na antena nane kama pweza, haitafika chumba cha nyuma. Unahitaji eksesi pointi, kifaa cha kurusha waifai tu, kila ghorofa.

Seti ni hii: ruta ya ER605, ambayo haina waifai kabisa lakini inapokea laini zaidi ya moja za intaneti, moja ikilala nyingine inashika, swichi inayojua VLAN, na EAP225 za kubandika darini, zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao. Kila jina la waifai unalipatia namba yake ya VLAN, na kwenye jina la wageni kuna kisanduku cha kuweka tiki kinachowazuia wasione mitandao ya ndani. Kwa asiyetaka kuandika vizuizi kwa mkono, hicho kisanduku ni rehema. Mtandao wa waya lakini utauandikia mwenyewe, kwa sababu nao ER605 huziacha VLAN zionane hadi uikataze.

Dukani angalia herufi moja. TL-SG108E inajua VLAN, TL-SG108 haijui. Boksi zinafanana, bei hazipishani sana, na muuzaji mwenyewe mara nyingine hajui. Nimeshavuka mara mbili kwenda kurudisha.

Na waya: mwingi unaouzwa kwa bei ya kutupa ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu, ikitoa weupe rudisha. Ukipitishia umeme wa eksesi pointi unapata moto, na kwa hewa ya chumvi ya Paje au Nungwi usitegemee utadumu.

Iko ya pili kwa sababu ya gharama ya vipande vyote kwa pamoja, na kwa sababu Pemba kipande kimoja kikifa unaweza kungoja mzigo wa Kariakoo uvuke.

Nafasi ya tatu: TP-Link Archer C6 na jamaa zake

Hii ndiyo ya nyumba nyingi. VLAN za kweli hazina, zile zilizomo kwenye menyu ni kwa ajili ya televisheni ya intaneti. Lakini ina mtandao wa wageni unaowashwa kwa dakika tano hata kwa simu. Ndani yake kuna ruhusa mbili: wageni kuonana wao kwa wao, na wageni kuufikia mtandao wa nyumbani. Zote mbili ziache zimezimwa.

Kuna mtego mmoja, nao nimeukuta kwa jirani yangu juzi tu. Kampuni ya intaneti imemwekea kiboksi chao, familia inatumia waifai ya kiboksi hicho, yeye kanunua Archer kaichomeka nyuma yake kwa ajili ya wageni. Aliamini amewatenga. Kwa Archer, kila kilicho upande wa kiboksi ni "intaneti", kwa hiyo wageni wake walikuwa wanaruhusiwa kuufikia mtandao wa familia. Sahihisho ni kugeuza: zima waifai ya kiboksi, weka familia na wageni wote kwenye Archer, kila mmoja kwa jina lake. Wala usiiweke katika hali ya eksesi pointi ukitarajia utengano ubaki vile vile.

Nafasi ya nne: kiboksi ulichopewa, au ruta ya laini ya simu

Jaribu kabla ya kununua chochote. Vingine vina mtandao wa wageni ndani, ila kampuni inakupa menyu nusu. Ukiuona, utumie. Usipouona, usipoteze wikiendi ukiutafuta.

Ya mwisho: ruta za mitumba

MikroTik iliyotumika bei yake hushawishi. Kumbuka mwaka 2018 tundu la usalama kwenye Winbox lilitumiwa kuteka ruta hizo kwa malaki duniani, ingawa kiraka kilikuwa kimeshatolewa tangu Aprili. Mashine ambayo mwenyewe hakuwahi kuisasisha inaweza kuja na script, yaani amri za kujiendesha, ya mtu mwingine ndani. Ukilazimika, ifute yote na kuipandishia programu upya kwa Netinstall, zana ya MikroTik wenyewe kwa kazi hiyo, kisha weka nenosiri, maana za zamani hutoka kiwandani na jina admin na nenosiri tupu. Adapta nayo isome: iliyoandikwa volti 120 pekee ni ya Marekani, na umeme wetu wa 230 utaikaanga.

Hayo ya kununua. Siku ya kufunga, fundi asiondoke bado. Chukua simu yako, ingia kwenye waifai ya wageni, fungua kivinjari, andika anwani ya kamera ya uani. Kisha ile ya printa, kisha ya ruta yenyewe. Mwisho bonyeza alama ya kurusha video uone kama televisheni ya ukumbini inajitokeza kwenye orodha. Kama ipo, mwite fundi kabla hajavaa viatu.