Tahadhari: huyu fundi wa ritani hatii sahihi

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa mnaofanya kazi kwenye maghala, viwanda vya nyama na nyumba za kutunzia wazee: kuna jamaa anapita kwenye magrupu yetu ya WhatsApp akijazia watu ritani, yaani fomu za kila mwaka za kutangaza kodi ya mapato ya serikali kuu. Kiswahili chake kitamu, kila mtu kwake ni shemeji, na anaahidi marejesho ya kodi makubwa kuliko ya mwaka jana. Hatozi ada maalumu; anakata asilimia ya marejesho yako. Kaeni naye mbali.

Nimezisoma ritani mbili alizojaza. Moja ni ya dada anayetunza wazee, mwenye W-2 moja (fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri) na asiye na biashara yoyote. Humo kabandikwa biashara ya kusuka nywele iliyopata hasara, na watoto wawili wa kaka yake walioko Goma wameandikwa wategemezi wake. Mtegemezi anatakiwa awe raia au mkazi wa Marekani, ama mkazi wa Kanada au Meksiko. Mtoto aliyeko Goma, Kigoma au Kakamega, kama si raia wa Marekani, haingii, hata kama karo yake yote unalipa wewe. Inauma, maana familia hizo kweli sisi ndio tunazilisha, lakini IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haiangalii risiti za kutuma pesa nyumbani.

Ya pili ni ya dereva wa teksi mtandao. Kaombewa nafuu ya kodi ya mafuta kwa Fomu 4136, ambayo ni ya matrekta, boti za uvuvi na mitambo isiyotembea barabarani. Madai ya namna hiyo yanaweza kukuletea faini ya dola 5,000.

Sasa angalieni sehemu ya mtayarishaji, chini ya ukurasa wa pili wa Fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe. Kote kuwili ni patupu, kana kwamba wenyewe walijijazia. Anayelipwa kujaza ritani ya mtu lazima atie sahihi na aandike PTIN, namba ambayo IRS humpa mtayarishaji. Huyu haandiki kitu, kwa hiyo barua ya IRS ikija inakuja kwa jina lako, naye keshabadili laini ya simu. Ikionekana ulidai EITC, nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, kwa kupuuza kanuni kizembe au makusudi, unafungiwa kuidai kwa miaka 2. Kwa udanganyifu, 10. Na mnaosubiri uraia, fomu ya N-400 inauliza habari za kodi.

Chambo chake cha msimu huu ni kwamba ovataimu haina kodi tena. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 haikusema hivyo. Kama saa yako ni dola 20 na ovataimu unalipwa 30, kinachopunguzwa kwenye mapato ya kutozwa kodi ni ile 10 ya nyongeza tu, hadi dola 12,500 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Makato ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee) yako palepale.

Aliyekwisha kujaziwa afungue akaunti kwenye IRS.gov aone kilichopelekwa kwa jina lake, kisha asahihishe kwa Fomu 1040-X kabla hajaandikiwa. Malalamiko dhidi ya mtayarishaji yanapelekwa kwa Fomu 14157. Kama alibadilisha ritani au namba ya benki bila ridhaa yako, ongeza 14157-A.

Ambao bado, tafuteni kituo cha VITA, mpango wa IRS wa kusaidia watu kujaza ritani. Wanajaza bure kwa watu wa kipato cha kawaida, na vingi viko kwenye maktaba na vituo vya jamii. Mwisho wa kuwasilisha ritani ni tarehe 15 Aprili. Fomu 4868 inakusogezea kuwasilisha hadi 15 Oktoba, ila kodi unayodaiwa unatakiwa uwe umeilipa Aprili hiyohiyo.